Saa ya 32 ya mfungo

Mwanafunzi wa mazoezi aliye nasi mwezi huu ana tabia ya kusoma fomu ya ridhaa kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Juzi alifika kwenye ile isiyokosekana katika utafiti wowote: unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Akasimama hapo.

"Na akisema amejitoa wakati sukari yake iko chini?"

Nilimwambia aendelee na ukurasa unaofuata. Swali lenyewe ninalo tangu usiku wa Mwalimu.

Mwalimu ni mstaafu aliyeletwa kwetu na dawa za kifafa ambazo hazikumsaidia kwa kuwa kifafa hakuwa nacho. Alfajiri, kabla hajatia kitu tumboni, alitokwa jasho na kuita watu kwa majina yasiyo yao. Akipewa kitu kitamu, anarudiwa na akili zake. Alikuwa amenenepa pia, maana aligundua mwenyewe kwamba akila mara kwa mara hali hiyo haimpati. Dalili, sukari kuwa chini wakati wa dalili, na nafuu sukari inapopanda: hayo ndiyo mambo matatu ambayo daktari wa upasuaji Allen Whipple aliyaweka pamoja miaka ya 1930, na hadi leo hatumpeleki mtu kwenye picha za kongosho kabla ya kuyathibitisha. Insulinoma, yaani uvimbe wa kongosho unaomimina insulini, mara nyingi haifiki sentimita 2. Ukianza na picha unaweza kuukosa uvimbe uliopo, au, mbaya zaidi, ukaona kivimbe kisichohusika na mtu akapasuliwa bure.

Ndipo unakuja mfungo wa saa 72. Unaandika saa aliyomaliza kula, si saa aliyoingia wodini. Dawa zisizo za lazima zinasitishwa. Anaruhusiwa maji na vinywaji visivyo na kalori wala kafeini, na mchana anatakiwa atembeetembee. Damu inachukuliwa kila baada ya saa 6 mpaka sukari ya plazima ishuke chini ya milimoli 3.3 kwa lita. Kuanzia hapo ni kila saa 1 au 2. Mfungo unakoma sukari ikiwa chini ya 2.5 na dalili zikiwepo, au saa 72 zikitimia.

Glukomita ya kidole haina kura katika uamuzi huo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinaipitisha mashine ambayo 95% ya majibu yake, sukari inapokuwa chini, hayapishani na ya maabara kwa zaidi ya milimoli 0.83. Maana yake ni kwamba ukisoma 2.7, huenda ni 1.9 na huenda ni 3.5. Mashine inakuambia tu usibanduke pale. Jibu lenyewe linatoka maabara, na maabara ina mwendo wake.

Thamani ya mfungo wote iko kwenye tyubu za mwisho. Kwa mtu mzima wa afya, sukari ikishuka kongosho huacha kumimina insulini, mafuta yanavunjwa na ketoni zitokanazo nayo zinapanda. Insulinoma haijali sukari iko wapi. Insulini ya kiwango fulani sukari ikiwa 5 haikuambii lolote. Kiwango kilekile sukari ikiwa 2.2 ni ushahidi. C-peptidi, kipande kinachobaki kongosho inapotengeneza insulini, inaonyesha kwamba insulini hiyo imetengenezwa mwilini, haikuchomwa kwa sindano. Na kwa kuwa vidonge vya kisukari vya salfonilurea navyo huzipandisha zote mbili, sampuli ya kuvitafuta lazima itoke wakati huohuo. Sampuli hizo zikikosekana pale chini kabisa, huna ulichokipata. Atafunga upya.

Makosa ya hapo ni madogo madogo na yote yanauma. Ukivuta damu kwa nguvu kupitia kanula nyembamba, chembe nyekundu zinapasuka na kimeng'enya kilichomo kinaila insulini. Maabara inakuletea jibu la chini la uongo. Damu ya sukari ukiitia kwenye tyubu isiyo ya kifuniko cha kijivu, chembe zinaendelea kuila sukari ndani ya tyubu, na jibu linakuja baya kuliko hali ya mgonjwa.

Mwalimu alimaliza kula saa 1 jioni. Usiku ule na mchana uliofuata ulipita kwa utulivu. Kila tulipochukua damu tulimwomba atoe 7 kutoka 100 mfululizo, na yeye, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, alishuka hadi 2 bila kuvuta pumzi. Jioni ya pili plazima ilisoma 3.2, tukaanza kuchukua damu kila saa.

Saa 9 usiku, saa ya 32 ya mfungo, glukomita ilisema 2.7.

"Mwalimu, tutoe tena 7 kutoka 100."

"93. 86. 79." Akalamba midomo. "79." Jasho lilikuwa limesimama juu ya mdomo, matone madogo sana yasiyodondoka. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana kana kwamba kuna chaki katikati, na mkono ukaanza kuandika juu ya shuka, mstari mmoja wa kulala, halafu mwingine juu yake. "79, sasa... 79."

Tukangoja. Yeye akaandika.

Kisha akainua uso na kusema kwa sauti ya darasani, safi, isiyo na kigugumizi: "Basi. Nimeacha. Nimejitoa kwenye utafiti wenu. Leteni juisi."

Mkewe akasimama. "Mwenyewe kasema."

Trei ilikuwa mikononi mwangu. Ilikuwa na tyubu ya kijivu, tyubu za insulini, C-peptidi na proinsulini (insulini kabla haijakamilika), ya ketoni, ya kutafuta salfonilurea. Na pembeni, tyubu 2 za zambarau za benki ya sampuli. Hizo mbili ndizo zilizokuwa utafiti. Nyingine zote angechukuliwa hata kama asingesaini fomu yoyote, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimemlaza pale. Lakini Mwalimu hakusema amejitoa kwenye tyubu za zambarau. Alisema nimeacha.

Daktari wa zamu aliinama hadi macho yao yakawa sawa. "Mwalimu, naomba mkono wako."

Mwalimu akaunyoosha. Mkono uleule wenye kanula, kiganja juu, kama alivyofanya kila mara.

"Zake vuta," daktari akaniambia. "Zetu acha."

Nikavuta taratibu, nikamwaga ya kwanza yenye maji ya kanula, nikajaza. Daktari akamsukumia glukagoni miligramu 1 kwenye mshipa na kumweleza mke kwamba sindano hiyo inaifungulia sukari iliyowekwa kwenye ini. Juisi ikitangulia, hatutajua kilichoipandisha. Ikipanda kwa milimoli 1.4 au zaidi ndani ya dakika 30, insulini ndiyo iliyokuwa imeizuia ini. Mama alituelewa vizuri na hakukubaliana nasi. Alikaa na glasi mapajani nusu saa nzima. Dakika ya 10 Mwalimu alishaanza kuuliza kwa nini tumewasha taa zote.

Mengine yalikwenda haraka. Plazima ya saa ile ilikuwa 2.1. Insulini mikroyuniti 11 kwa mililita, na 3 tu zingetosha, C-peptidi 0.8, ambapo mpaka ni 0.2, ketoni hazikufika hata 0.5, salfonilurea hakuna. Ultrasaundi ya kupitishia kinywani iliona uvimbe wa milimita 13 kwenye mkia wa kongosho, ukatolewa, na kwa siku chache sukari ikawa juu badala ya chini, kama inavyotarajiwa seli nyingine za insulini zilizolala zinapoamka.

Lakini asubuhi ya baada ya mfungo kulikuwa na fomu ya kujaza. Sampuli mbili za utafiti hazipo: kwa nini? Visanduku vilikuwa vitatu, mshiriki amejitoa, hitilafu ya kiufundi, nyingine. Tukamfuata Mwalimu, ameshakula, sukari 6, tukamuuliza kama bado anataka kujitoa.

"Kujitoa? Nani amejitoa?" Hakukumbuka kitu tangu kwenye 86. Alipoelezwa alikasirika kidogo. "Damu ya saa ile ndiyo mliyokuwa mnaitafuta. Mngechukua tu."

"Mimi nilimwona," mkewe akasema. "Alijua anachosema."

Daktari akatia alama kwenye nyingine na kuandika maelezo nusu ukurasa. Mkaguzi wa utafiti aliyarudisha akitaka yafupishwe.

Hatimaye tuliomba kamati ya maadili itukubalie swali jipya kwenye ridhaa, linaloulizwa mshiriki akiwa ameshiba na ndugu yake yupo: ukisema basi sukari ikiwa chini ya 3.0, tyubu za utafiti zichukuliwe au ziachwe? Kamati ilikubali kwa masharti. Swali lisiguse tyubu za matibabu, na jibu lolote liwe, anayevuta mkono wake aachwe.

Wengi huchagua zichukuliwe. Mama mmoja alichagua ziachwe, akasaini na kupiga mstari chini ya neno hilo. Ulipofika wakati wake, plazima 2.3, maneno yameshaanza kumvurugika, aliziona tyubu za zambarau kwenye trei akasema, "Na hizo chukueni, dada, msizipoteze." Hatukuchukua. Mimi na daktari wa zamu tulibishana juu ya hilo mpaka zamu ikaisha, na tukikutana korido bado tunabishana.