Mkono uliolala hadi alfajiri

Simu ya wodini ilikuwa na saa zake: kati ya saa tatu na saa sita usiku. "Dokta, yule kijana wa mkono ameanza kulia." Asubuhi alikuwa ametoka thieta anacheka, mkono umekufa ganzi, anauliza chai. Usiku ganzi inakwisha, na maumivu yanarudi kwa kishindo, makali kuliko ya mtu ambaye hakuwahi kupigwa ganzi. Na wodi nzima ina muuguzi mmoja wa zamu.

Ninatoa dawa za usingizi kwenye hospitali ya mkoa. Wagonjwa wetu wengi wa mikono ni vijana wa bodaboda waliovunjika mifupa ya kigasha. Mashine ya ultrasaundi ilipofika, niliacha kuwapa nusukaputi wengi wao. Ninachoma sindano juu ya mtulinga, pale neva za mkono zilipokusanyika kama zabibu pembeni mwa mshipa mkubwa wa damu, naweka mililita 20 za bupivakeni, dawa ya ganzi, ya asilimia 0.5. Hizo ni miligramu 100, na kwa mtu wa kilo 60 sivuki 120.

Shida ikawa ni muda. Kuongeza kiasi cha dawa si njia, bupivakeni ikizidi hudhuru moyo. Nikajaribu kuichanganya na adrenalini, mikrogramu 5 kwa kila mililita. Kwa lignokeni, dawa ya ganzi inayoisha mapema, inasaidia kweli, lakini kwa bupivakeni sikupata nyongeza ya maana. Faida niliyoiona ni nyingine: ukiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, mapigo ya moyo yanapanda mara moja, nawe unaacha kusukuma dawa. Klonidini, dawa nyingine ya kurefusha ganzi, hatukuwa nayo, na hata ingekuwepo, inashusha presha na kupunguza mapigo, jambo nisilolitaka kwenye wodi isiyo na mashine ya kuangalia moyo.

Ikabaki deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo ipo kabatini siku zote na bei yake ni ndogo. Wenzangu wengi huichanganya moja kwa moja na ganzi. Mimi niliisoma chupa kwanza. Haijasajiliwa kuwekwa kwenye neva, na ile tunayoletewa ina vihifadhi ambavyo sikupenda kuvipeleka huko. Kumbe ukiipitisha kwenye dripu nayo inarefusha ganzi, na pengo kati ya njia hizo mbili ni la saa chache tu. Nikachagua dripu, miligramu 8.

Mgonjwa wa kwanza alinifundisha adabu. Niliisukuma haraka akiwa macho. Mzee wa watu aliruka kitandani, akashika suruali, akaniambia kwa aibu, "Mwanangu, kuna pilipili huku chini." Ni muwasho unaojulikana, unapita baada ya dakika moja, lakini sista alilazimika kutoka nje acheke. Tangu siku hiyo naichanganya na maji ya chumvi, naiacha idondoke polepole.

Ganzi iliyokuwa ikiisha saa nne usiku sasa inafika alfajiri. Simu za usiku zilipungua, zikaja za namna nyingine: saa kumi na moja alfajiri, "Dokta, mkono wake haujarudi, mama yake anasema mmemkata mshipa." Kosa lilikuwa langu, sikuwaambia. Siku hizi nazungumza na mgonjwa pamoja na ndugu kabla ya sindano: mkono utalala mpaka kesho, mfungeni kombeo, chai ya moto ishikwe kwa mkono mwingine. Parasetamoli na diklofenaki zinaanza mkono ukiwa bado umelala, hazisubiri kilio. Mwenye kisukari namwambia sista ampime sukari jioni na asubuhi, kwa sababu deksamethasoni huipandisha. Kama ilikuwa juu tangu mwanzo, simpi.

Kuna ambao siwarefushii kabisa. Kigasha kilichosagwa na mashine au kuvimba vibaya kinaweza kubana misuli mpaka damu isipite, na kilio cha maumivu ndicho kinachotushtua. Kwa hao naongea na daktari wa mifupa kwanza. Mara nyingi anataka lignokeni peke yake, ili kufika jioni aweze kukunjua vidole vya mgonjwa na kumuuliza kama vinauma.