Ukurasa wa Tatu

Jarida la shule yetu lilitoka mara moja kwa muhula, kurasa 8 zilizobanwa kwa pini mbili, na ukurasa wa tatu ulikuwa wangu. Juu yake paliandikwa MATUKIO YA HIVI KARIBUNI. Nilikuwa kidato cha tatu, bweni la Bluu, na niliamini kabisa kwamba jambo lisiloingia ukurasa wa tatu halijatokea.

Aliyesoma bweni atanielewa. Ndani ya uzio siku zinafanana mno. Kengele, foleni ya bafu, kutandika kitanda mpaka shuka isiwe na kunyanzi, paredi, darasani, bwaloni, uwanjani, prepo, taa kuzimwa, na kesho yake vilevile. Ikifika wiki ya sita hujui tena kama leo ni Jumanne au Alhamisi; unajua tu kama ni zamu ya chumba chenu kupiga deki. Ndiyo maana kituko kidogo kikitokea kinatafunwa wiki nzima. Muhula ule, ulioanza baada ya Olimpiki ya Beijing ya Agosti 2008, nilikuwa na vitu vitatu tu. Klabu ya mdahalo ilikuwa imeshindwa na wageni. Klabu ya sayansi ilikuwa imetengeneza volkano ya magadi na siki, ikafurika hadi kwenye kitambaa cha meza ya mkuu wa shule. Na maktaba ilikuwa imepata rafu mpya, vitabu vyake bado. Nafasi iliyobaki, zaidi ya nusu ya ukurasa, niliiwekea mbio za kijiti.

Mbio hizo za mabweni, mita 100 mara nne, ndizo zilizofunga mashindano asubuhi ya siku ya wazazi, Jumamosi. Jarida nalo lilitakiwa kuwa mikononi mwa wazazi mchana wa siku hiyohiyo. Karani mwenye ufunguo wa chumba cha mashine ya kudurufu hakuwa na kazi Jumamosi, na Ijumaa yake yote ilikuwa ya kutoa mitihani. Sisi tulipewa Alhamisi baada ya vipindi.

Ambaye hajawahi kukata stensili hajui uzito wa neno. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta ili herufi zenyewe zipige karatasi ya nta na kuiacha na njia ya wino. Ukikosea, unapaka umajimaji mwekundu unaonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unangoja ukauke, unapiga tena, na bado kosa lako litaonekana kama kovu. Kisha stensili inavishwa kwenye pipa la mashine, mmoja anazungusha mkono, mwingine anapokea karatasi kabla wino haujagusana. Nakala 400, karatasi nne kwa kila nakala: rimu tatu na kidogo. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Mwalimu mlezi wa jarida alikuwa ameniambia, "Andika ratiba ya mbio. Matokeo tutayabandika ubaoni."

"Sawa, Mwalimu," nikamjibu, na wakati ule nilimaanisha.

Lakini ratiba inasomeka kama tangazo la maji kukatika. Na Bluu ilikuwa imeshinda kijiti miaka mitatu mfululizo, tena mazoezini muhula huo hakuna bweni lililotukaribia. Mkimbiaji wetu wa mwisho alikuwa mwenzangu wa kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Mtu mrefu, mpole, ambaye miguu yake ilichomoza kitandani usiku, ikawa ndiyo kitu cha kwanza ninachokiona kengele ikilia. Nilimwona akikimbia kila jioni. Ningekosea nini?

Nikaandika. Sentensi moja bado naijua kwa moyo: "Alipopokea kijiti akiwa wa pili, alifyatuka kama mshale, akampita mpinzani wake wa Njano mita 10 kabla ya utepe." Kumweka wa pili kwanza ulikuwa ufundi wangu. Ushindi mwepesi hauna utamu. Mwalimu alikuwa amezama kwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, akaniamini, stensili ikaenda mashineni bila kusomwa.

Jumamosi nikasimama kwenye mstari wa kumalizia nikiwa na daftari ambalo sikuwa na haja nalo. Kapteni wetu alikuwa amewatisha wenzake kwa habari za Beijing, kwamba timu za Marekani, ya wanaume na ya wanawake, ziliangusha kijiti siku moja, zote kwenye mchujo, na wale ni watu wanaolipwa kukimbia. Wiki mbili nzima walifanya mazoezi ya kupokezana na kipande cha bomba la plastiki kilichokatwa kwa msumeno kiwe na sentimita 30. Enzi hizo eneo la kupokezana lilikuwa mita 20. Sheria iliyolifanya kuwa 30 ilikuja mwaka 2017. Mpokeaji anaanza kukimbia mwenzake akigusa alama ya chaki, haangalii nyuma, anangoja sauti ya "shika!" ndipo anatoa mkono. Wa kwanza anabeba kwa mkono wa kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, wa mwisho kushoto, ili kijiti kisihamishwe mkono hata mara moja njiani.

Kubadilishana kwa kwanza kulikuwa safi, na kwa pili pia. Tulipofika kwa wa tatu tulikuwa mbele kwa hatua tano au sita, na mimi, Mungu anisamehe, nikasikitika kidogo kwamba hatukuwa wa pili kama nilivyoandika. Jirani yangu akapokea. Akapiga hatua chache. Nikaona kitu cheupe kikiruka, kikagonga chini, kikabingirika kuelekea ndani ya uwanja.

Aliyekiangusha ndiye anayepaswa kukiokota. Alirudi, akainama, kikamponyoka tena, akakikamata. Njano wakapita, Kijani, kisha Nyekundu ambao hata wao walionekana kushangaa. Alipoanza upya utepe ulikuwa umeshakatika na upo chini, watu wa kipaza sauti walikuwa wanawaelekeza wazazi kwenye mahema, na mwalimu wa saa alikuwa ameshaiweka shingoni. Alikimbia mita zote zilizobaki kwa kasi yake yote. Penye mstari akasukuma kifua mbele, kama tulivyofundishwa kufanya tunapogombea utepe na mtu.

Nami nikakimbia, ila kuelekea bwaloni.

Nilichelewa. Watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wamepewa kazi ya kugawa na waliifanya kwa bidii ambayo hawajawahi kuionyesha kwenye deki. Kila hema lilikuwa na karatasi zetu. Nikapokonya nakala mbili hapa, tatu kule, mzee mmoja akakataa kuniachia yake, akaniuliza kama kuna matusi ndani. Wazazi walioona mbio walikuwa wanacheka. Nilizoea kufikiri kwamba kusomwa ni jambo zuri.

Ambaye hakucheka ni mama yake jirani yangu. Alikuwa amefika kwa kuchelewa, mbio zimekwisha, na wa kwanza kumlaki alikuwa mtoto mwenye rundo la majarida. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa kiti, miwani imeshuka puani, kidole chini ya mstari wangu wa mshale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eti wewe ndiye uliyeandika?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu. Mimi hanisimulii kitu huyu."

Sikusema neno. Ningeweza kusingizia kwamba nilikuwa natafuta maneno, lakini nilikuwa natafuta njia ya kutokea. Ndipo mwenyewe akaja, jasho halijakauka, goti moja lina vumbi. Mama akainuka akamkumbatia huku jarida limebanwa katikati yao. Akalichukua, akasoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa habari yenyewe. Akanitazama mara moja.

"Mama, huyu aliandika kabla. Kijiti kilianguka."

"Kilianguka?"

"Kilianguka. Tumekuwa wa nne."

Mama alinitazama na mimi pia, bila hasira, jambo lililonisumbua zaidi. Kisha akalikunja jarida mara mbili na kulitia kwenye mkoba, akaanza kumfuta mwanawe vumbi la goti.

Jumatatu baada ya paredi Mwalimu aliniita. Alifundisha historia, kwa hiyo alinisimulia historia: tarehe 3 Novemba 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune liliwahi mitamboni kwa sababu wachapaji walikuwa kwenye mgomo, likatoka na kichwa kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Truman akashinda, akapigwa picha akiwa amelinyanyua gazeti hilo huku meno yote nje. "Wao angalau walikuwa na kura zilizoanza kuhesabiwa," Mwalimu akasema. "Wewe ulikuwa na nini?" Hakunichapa wala hakuninyang'anya ukurasa. Alinipa stensili moja na kuniambia niandike masahihisho, nakala 400, na yaeleze kijiti kilianguka vipi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Nilikuwa nimesimama kule kwenye utepe nikisubiri ukurasa wangu utimie.

Usiku ule, taa zimezimwa na kiranja ameshapita na tochi yake, nikagonga kwa kidole chaga ya kitanda cha juu.

"Umelala?"

"Bado, Mhariri."

Nikamwambia ninachotakiwa kuandika. Alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Nilikipokea kushoto," akasema, "nikataka kukihamishia kulia. Sijui kwa nini. Mazoezini sikufanya hata siku moja."

Nikaandika gizani, herufi zikipandana. Nikamuuliza kama niseme "kwa bahati mbaya".

"Hapana. Sema mkono."

"Na muda wako? Wengine wote nina sekunde zao."

Springi zikalia juu yangu, akageukia ukutani.

"Mimi sikupimwa," akasema. "Andika tu nilifika."