FoxPro haijafa, ipo ghalani: kuhamishia databesi za zamani kwenye VM na klaudi ukiwa Mtwara

Kila ikikaribia Oktoba simu yangu haitulii, msimu wa korosho unaanza na watu ndo wanakumbuka kwamba ile kompyuta ya ghalani iliyofunikwa gunia tangu msimu ulopita inatakiwa iwake. Na ndani ya hiyo kompyuta, nawaambia wadau, hamna mfumo wa juzi. Kuna programu ya FoxPro (mfumo wa zamani wa kutengenezea databesi) ilioandikwa na kijana mmoja wa Dar miaka hiyo, kijana mwenyewe sjui yuko nchi gani sa hivi, na ndo hiyo inayojua mkulima gani kaleta kilo ngapi, kakatwa nini ya pembejeo na anadai nini. Ukienda duka la jumla utakuta Access 97, nayo databesi ya Microsoft. Kuna mzee mmoja ana kitu cha DOS kabisa, ule mfumo wa kabla ya Windows, skrini ya bluu maandishi meupe, na anakitumia kwa spidi ambayo nyie wa kubofya bofya hamfikii.

Sasa maswali ya siku hizi yote ni mamoja. Mzee anakuita, unamwamkia, anakwambia "kijana wangu nasikia mambo yote yako klaudi, si uyapeleke na haya yangu huko ili nikiwa Dar nione?" Jibu langu ni ndio, inawezekana, ila sio kwa namna anayofikiria yeye wala kwa namna wanayoifanya vijana wengi wa IT hapa mjini. Nimeona niandike maana nimechoka kurekebisha kitu kilekile. Klaudi hapa namaanisha seva za kukodi zilizo mbali unazozifikia kwa intaneti, na VM ni kompyuta ya programu tu inayoishi ndani ya kompyuta nyingine.

Kwanza ujue unashika nini. Visual FoxPro (VFP), ile ya Windows, toleo lake la mwisho ni la 9, lilitoka 2004, Microsoft wakatangaza 2007 kwamba hamna la 10, na msaada wote ukaisha Januari 2015. Lakini kuisha msaada sio kufa, programu ya VFP ni ya biti 32 na inawaka vizuri tu kwenye Windows 11 au Windows Server ya leo. Kwaiyo anayekuja na kukwambia "hii lazima iandikwe upya" anataka hela ya kuiandika upya, muulize vizuri. FoxPro ya DOS ndo kesi nyingine, Windows ya biti 64 haitaki kabisa programu za biti 16, hapo utatafuta vDos, programu inayoigiza DOS ndani ya Windows, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya programu za kazi, sio DOSBox maana wenye DOSBox wenyewe wamesema yao ni ya kuchezea magemu na mambo ya watu wawili kufunga rekodi moja (kuishika ili mwingine asiiandike kwa wakati huohuo) haiyajui vizuri. Na kuna kichekesho, FoxPro za zamani ukiziwasha kwenye kompyuta kali zinagoma zikidai umegawanya kwa sifuri, kumbe kile kipimo chake cha spidi kinakuta mashine ina kasi kuliko kilivotarajia. Kuna kiraka chake, kitafute, usianze kuilaumu kompyuta.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Hizi databesi za DBF (mafaili ya FoxPro) na MDB (ya Access) sio kama MySQL au SQL Server ambapo kuna seva inakaa inakusikiliza, unaiuliza swali inakupa jibu. Hapa hamna seva. Data ni mafaili tu kwenye folda, na programu iliyo kwenye kompyuta ya karani ndo inaenda yenyewe kufungua faili, inasoma index (orodha ya kutafutia rekodi), inaruka kwenye rekodi, inarudi, inasoma tena, inafunga rekodi, inaandika. Yani kazi yote inafanywa na kompyuta ya karani, ile "seva" ni kabati tu. Ndani ya ofisi moja kwa waya haina shida. Sasa we chukua hilo kabati upeleke Cape Town, ambako AWS, klaudi ya Amazon, wamefungua kituo chao 2020, au Johannesburg walipo Azure, klaudi ya Microsoft, toka 2019, afu muache karani na programu yake Mtwara. Tuseme kufungua orodha ya wakulima wa chama kimoja kunataka safari 2,000 za kwenda na kurudi kwenye faili. Kila safari ikichukua milisekunde 1 kama mko jengo moja, ni sekunde 2. Ikichukua 50, ni sekunde 100. Orodha moja hiyo! Ni sawa na kuleta korosho kutoka Newala mpaka mizani ya Mtwara kwa bodaboda, moja moja.

Na polepole sio ubaya wenyewe. Ubaya ni pale intaneti inapokata katikati ya kuandika. Faili la DBF limepata nusu ya rekodi, index haijui kitu, kesho yake mnapewa ujumbe kwamba index hailingani na jedwali, na kama kulikuwa na faili la FPT la maelezo marefu basi hapo ndo unakuta maelezo ya mkulima wa Nanyamba yamehamia kwa wa Nanguruwe. Kuna wanaoweka folda nzima kwenye Dropbox au OneDrive halafu kompyuta mbili zinafungua kwa pamoja, wanaita hiyo klaudi. Hiyo sio klaudi jamani, yule mtandao haujui kufunga rekodi, unachojua ni faili lipi limesevu mwisho na hilo ndo linashinda, kazi ya mwenzako ya asubuhi nzima inakuwa "conflicted copy". Tafadhali, msifanye.

Kwaiyo msimamo wangu ni huu: programu na data hazitenganishwi. Ukihama, hama na nyumba nzima. Programu inakaa mashine moja na mafaili yake, na kinachosafiri kwenye intaneti ni picha ya skrini na vitufe anavyobonyeza karani, basi. Hiyo ndo Remote Desktop, na kwa mazingira yetu ya kusini naona ni kama iliandikwa kwa ajili yetu. Fikiria umeme unakatika hapa ofisini, karani yuko katikati ya stakabadhi. Zamani hapo mnaombea faili lisiharibike. Kwa Remote Desktop programu haijui hata kama umeme wenu umekatika, inakaa kulekule ilipo inamsubiri, umeme ukirudi au akiwasha hotspoti ya simu anaingia tena anakuta kale kamstari ka kuandikia kapo palepale kwenye kilo alizokuwa anaandika. Na haili bando, kwa programu za maandishi kama hizi hata mtandao wa simu unatosha, ila mwambie asiweke picha ya mwanae kama wallpaper huko kwenye seva.

Jinsi ya kuhamisha nyumba nzima inategemea. VFP au Access ukiwa na CD au fleshi ya usanikishaji, weka Windows Server mpya, instoo, kopi folda, maliza. Shida ni pale ambapo hamna mtu anajua iliwekwaje, na hiyo ndo nane kwa kumi nasema kwa kukisia. Hapo unaibeba kompyuta yenyewe kama ilivyo, kuna kidude cha bure cha Microsoft kinaitwa Disk2vhd, unakiendesha ndani ya ile kompyuta ikiwa inawaka, kinakutolea diski nzima kama faili moja, unaliwasha kwenye Hyper-V au VirtualBox au Proxmox (programu za kuendeshea VM) na kompyuta ya zamani inafufuka ikiwa ndani ya kompyuta mpya. Kama ni Windows XP usishangae ukipata skrini ya bluu yenye 0x0000007B, maana yake haijaiona diski, badilisha kidhibiti cha diski cha ile VM kiwe IDE, aina ya zamani, ujaribu tena kabla hujakata tamaa. XP pia itadai uwezeshe laisensi upya kwasababu inaona mwili umebadilika. Na XP msaada wake uliisha Aprili 2014, hiyo usiipe intaneti hata kidogo, ifungie ndani, iongee na mtandao wa ofisi tu.

XP huipati kwenye menyu za klaudi kubwa, nazo zinakupa Windows Server zinazoeleweka. Unaweza kukodi mashine inayoruhusu VM ndani ya VM ukaiweka humo, inafanya kazi, ila bei inapanda na mi sioni faida.

Halafu zile shida ndogo ndogo ambazo hakuna anayekwambia. Seva ya klaudi inakuja na tarehe ya Kimarekani, mwezi mbele, na saa ya UTC ambayo iko nyuma yetu masaa matatu. Usipobadilisha, stakabadhi ya saa nane usiku gari zikiwa bado zinashusha itaandikwa ya jana, na 05/11 itasomeka Mei badala ya Novemba, na programu ya zamani haitakulalamikia, itaandika tu. Weka saa ya Nairobi, weka tarehe ya Kiingereza cha Uingereza, kwa kila mtumiaji, sio kwako tu fundi. Printa nayo, zile Epson za kugonga gonga za karatasi za nakala tatu, programu inatuma LPT1 (ile bandari ya zamani ya printa) moja kwa moja na kwenye VM hakuna LPT1. Shea printa kwenye kompyuta ya karani afu ndani ya ile sesheni andika net use LPT1 ukiielekeza kwenye printa hiyo, kila akiingia, weka kwenye faili la bat. Na kama programu inadai kile kidude cha ulinzi cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, sahau klaudi kwanza, kwenye seva yako ya ofisini unaweza kukipitisha kwa USB mpaka ndani ya VM, klaudi utakichomeka wapi?

Usifungue bandari 3389, ndo mlango wa Remote Desktop, kwa dunia nzima. Narudia. Watu wanawasha Remote Desktop, wanaipa IP ya wazi, pasiwedi ni korosho2023, na kabla wiki haijaisha kuna mtu anajaribu pasiwedi usiku kucha kutoka sjui wapi, mwisho wake mafaili yote yamefungwa na mnadaiwa bitcoin. Weka WireGuard, ni VPN, yani njia iliyofungwa ndani ya intaneti, ni ya bure, inawekwa hata kwenye simu ya mzee, kwanza anaingia kwenye VPN ndo anaiona seva. Laisensi nayo, Windows Server bila laisensi za Remote Desktop inakupa watu wawili tu wa usimamizi, ukiwasha huduma kamili unapewa siku 120 za kujaribu halafu makarani wanafungiwa nje, na hesabu zake mbaya ni kwamba ukianza Septemba, siku zinaishia Januari.

Sasa iwe klaudi au iwe VM hapahapa ofisini? Hapa ndo nagombana na vijana wenzangu. Mei 2024 mnakumbuka, Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika, intaneti nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Haikuwa msimu. Ingekuwa Novemba, magari yako foleni getini na orodha ya wakulima iko Afrika Kusini, ungewaambia nini wale madereva? Kwa ghala mi naweka VM ofisini, kompyuta moja nzuri yenye Proxmox na diski mbili zinazofanana, UPS ya kweli sio ile ya dakika mbili, na klaudi inabaki kuwa mahali pa kutunzia nakala za kila usiku. Na nakala hizo zichukuliwe makarani wote wakiwa wametoka kwenye programu, kopi ya DBF iliyo wazi mtu anaandika ni kopi ya mashaka. Mzee akiwa Dar anaingia kwa VPN, anaona skrini, anafurahi, anauliza kwanini jana kuna upungufu wa magunia, hilo sio la kwangu tena.

Ila mfanyabiashara mwenye duka Masasi, lingine Newala na ofisi Mtwara mjini, huyo klaudi inamfaa, maana hamna ofisi moja kati ya hizo ambayo ukiifanya makao haitakosa umeme siku wenzie wanafanya kazi. Huyo ajipange tu kwamba bili ni ya kila mwezi, kwa dola, na kadi ikigoma seva inazimwa.

Kuna na jambo la sheria ambalo watu wanalichukulia poa. Majina ya wakulima, namba za simu, akaunti za benki, hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023. Kuzitoa nje ya nchi kuna masharti yake, na anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla hujapeleka DBF ya wakulima wa kata nzima kwenye seva ya Ulaya kwasababu ni bei chee, kaa na uongozi wa chama muongee, tena iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Mzee wa DOS kanipigia leo anataka apate na kwenye simu. vDos kwenye Windows, Windows kwenye VM, Remote Desktop kwenye Tecno yake, inawezekana kabisa, shida ni kwamba anataka zile F7 na F10 zake na kibodi ya simu haina. Nimemtafutia kakibodi ka bluetooth, kakifika kutoka Dar nitaenda kumfungia.