Tapeti iliyonyamaza ndiyo ya kuogopa: kupima mianya ya valvu za Isuzu 4JA1 nyumbani

Kimya kina mshindo mkuu, na kwenye injini ya dizeli methali hiyo ni kweli tupu. Wenye pikapu wengi hufungua kifuniko cha tapeti, chenye kufunika roka (mikono midogo inayosukuma valvu), siku injini inapoanza kugonga juu ya hedi, yaani kichwa cha injini. Mwanya kati ya roka na shina la valvu ukipanuka hupiga kelele, hupunguza nguvu kidogo, na hula ncha ya roka polepole. Mwanya uliobana hausikiki hata kidogo. Injini inakuwa tulivu, dereva anafurahi, na huko ndani valvu ya moshi inaungua.

Kichwa cha valvu hupokea joto kali kila dizeli inapowaka, na sehemu kubwa ya joto hilo hukimbilia kwenye siti, yaani kiti kinachokaliwa na valvu, wakati valvu imefunga. Chuma kikipata moto hurefuka. Pasipo mwanya, valvu iliyorefuka haikalii tena siti barabara. Inabaki imeinuka kwa unene wa unywele, gesi ya moto inapenya ubavuni, na joto halina pa kwenda. Ukingo wa valvu unaliwa, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inashuka, na asubuhi ya baridi kule Kabale unazungusha starta mpaka betri inachoka, kisha gari linawaka kwa moshi mweupe.

Ninaizungumzia 4JA1, ile ya lita 2.5 iliyo kwenye pikapu za TFR, kwa sababu roka zake zina skrubu ya kurekebisha na lokinati, nati inayoifungia isiteleze, kazi inayofanyika uani. Injini ya 4JB1 hupimwa vivyo hivyo. Mwenye Hilux yenye injini ya 3L au 5L ajue kwamba yake hutumia shimu, vibati vya unene maalumu, juu ya vikombe vya valvu, na mianya ni tofauti: 0.20 hadi 0.30 mm kwa hewa, 0.40 hadi 0.50 mm kwa moshi. Hiyo inataka maikromita na shimu za ziada, usiianze bila hivyo.

Kwa 4JA1 kipimo ni 0.40 mm, valvu za hewa na za moshi sawasawa, injini ikiwa baridi. Baridi maana yake gari limelala usiku kucha. Tafuta fila geji, kipimio cha mianya chenye ndimi nyembamba za chuma, yenye ndimi za 0.35, 0.40 na 0.45, bisibisi bapa isiyolika ncha, spana ya ringi inayoshika lokinati bila kucheza, na gasketi mpya ya kifuniko. Vyote utavipata soko la Kisekka ukiwa Kampala, au duka la spea la mji wowote mkubwa. Fila geji yenye kutu itupe, kutu ni unene.

Toa waya wa hasi wa betri kabla ya yote, asije mtoto akawasha gari ukiwa umeshika puli, gurudumu la mkanda mbele ya injini. Kisha safisha kifuniko kwa brashi na mafuta ya taa, hasa pembezoni. Vumbi jekundu la marram likidondoka kwenye roka linaingia kwenye oili, na oili hulipeleka mpaka kwenye bearingi za krenki, shafti kuu ya injini. Fungua hita plagi zote nne, zile za kupasha silinda moto. Bila kompresheni injini huzunguka kwa mkono mmoja, na unaweza kuisimamisha pale unapotaka. Nati zake ndogo ziweke kwenye kikopo.

Kabla ya kupima, jaribu bolti zinazoshika shafti ya roka. Zikiwa zimelegea, kila kipimo utakachopata ni cha uongo.

Sasa zungusha krenki kwa bolti ya puli, upande wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na silinda ya kwanza ndiyo ya upande wa feni. Silinda huenda kwa jozi, na kila jozi jumla yake ni tano: 1 na 4, 2 na 3. Tazama roka mbili za silinda ya 4. Zitafika mahali ambapo moja inamaliza kuinuka na nyingine inaanza kushuka. Zikipishana hivyo, pistoni ya 1 iko juu na valvu zake zote mbili zimefunga: pima 1. Nusu mzunguko tena, za 2 zinapishana, pima 3. Nusu nyingine, 1 zinapishana, pima 4. Ya mwisho, 3 zinapishana, pima 2. Naipenda njia hii kwa sababu haikulazimishi kukariri ipi ya hewa ipi ya moshi, na alama ya puli hata ikiwa imefutika haikusumbui.

Andika kila mwanya jinsi ulivyoukuta kabla hujagusa skrubu. Namba nane kwenye daftari. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha, na ndipo penye habari yote.

Legeza lokinati, ingiza ulimi wa 0.40 kati ya roka na shina la valvu, kaza skrubu mpaka ulimi uvutike kwa ukinzani kidogo, kama karatasi iliyolaliwa na daftari zito. Shikilia skrubu kwa bisibisi huku ukikaza lokinati, kisha pima upya, kwa sababu lokinati hupenda kuondoka na skrubu. Ulimi wa 0.35 upite bure, wa 0.45 ukatae. Tia alama ya chaki, nenda nyingine.

Kuna tapeti itakayogonga hata baada ya kupimwa. Angalia uso wa roka unaogusa valvu. Ukiwa umechimbika kishimo, ulimi bapa wa fila geji unalala juu ya kingo za kishimo hicho, shina la valvu linaingia ndani yake, na 0.40 yako kwa kweli ni zaidi. Roka hiyo inolewe na fundi mwenye mashine au ibadilishwe. Usiikaze zaidi ili kuua kelele. Utakuwa umerudi kwenye ile tapeti iliyonyamaza. Pushirodi nayo, fimbo inayoisukuma roka kutoka chini, iviringishe juu ya kioo, iliyopinda itarukaruka.

Wakati wa kufunga, futa oili kwenye uso wa hedi, panga gasketi, kaza bolti za kifuniko kidogo kidogo kwa kupokezana. Kifuniko kikikazwa kwa nguvu hujipinda na kuvuja oili, na silikoni ya kuzibia uvujaji huo huishia ndani ya injini. Washa, acha iungurume dakika kumi, pitisha kitambaa cheupe pembezoni uone kama oili inavuja.

Kwa gari linalobeba matoke kutoka Mbarara au mchanga kila siku, mimi ningepima kila kilomita 20,000. Ukirudi, linganisha na daftari. Mwanya uliopanuka kidogo ni uchakavu wa kawaida. Ukiona valvu moja ya moshi imebana tena, 0.40 imekuwa 0.25, na kipimo kilichopita kilikuwa vivyo hivyo, siti yake inazama au valvu inavutika. Usiendelee kuilegeza. Toa hedi, wakati bado valvu moja na siti moja zinatosha.