Usiku Tuliolala Uwanja wa Ndege

Mwaka 2017 nilimwahidi mama kwamba sikukuu ya mwisho wa mwaka tutaila kwa dada yangu, anayeishi mbali, mwendo wa ndege mbili. Mama alikuwa na miaka 71 na hajawahi kupanda ndege. Ahadi niliitoa mwezi wa nne, lakini tiketi nikaja kuzitafuta mwishoni mwa Novemba, viti vya bei ya chini vikiwa vimeshachukuliwa. Ndege moja huwa na nauli za ngazi kadhaa kwa viti vya aina ile ile; za chini zikiisha, aliyechelewa analipa za juu.

Usiku mmoja nikiwa na simu mkononi nikaona mwanya. Nikinunua safari ya kwanza kwa kampuni moja na ya pili kwa kampuni nyingine, ninaokoa karibu theluthi ya nauli ya watu wanne. Baina ya kutua na kuruka tena tungekuwa na saa mbili na nusu. Nikalipa. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, hiyo ya kwanza ikichelewa je?" Nikamwambia haitachelewa.

Tuliondoka nyumbani mchana wa mkesha. Kaunta ilikuwa na foleni ndefu, na tulipoweka begi la mama kwenye mizani ikasoma kilo 27. Ruhusa yetu ilikuwa 23. Malipo ya uzito uliozidi yangemeza sehemu kubwa ya kile nilichojivunia kuokoa, kwa hiyo tukalifungua begi pale pale sakafuni, watu wakituangalia. Mama alipiga magoti, akawa anatoa zawadi za wajukuu moja moja, kila moja akiishika kidogo kabla ya kunipa niisokomeze kwenye mkoba wangu. Bado naiona mikono yake. Siku hizi begi nalipima nyumbani: napanda kwenye mizani peke yangu, kisha napanda nikiwa nimelibeba, na tofauti ndiyo uzito wake. Ni kazi ya dakika moja, na ingemwepusha mama na fedheha ile.

Katika pilikapilika hizo, kifuko chake cha dawa za presha kikarudishwa ndani ya begi kubwa, nalo likaenda na mkanda.

Ndege yetu ilikuwa iruke saa kumi na moja jioni. Tulitangaziwa kwamba bado haijafika kutoka safari yake ya awali. Ndege ile ile ilikuwa imezunguka tangu alfajiri, na dakika ilizopoteza kila ilipotua zilikuwa zimelimbikizana mpaka zikatufikia sisi wa jioni. Tuliruka saa moja na dakika ishirini baada ya wakati wake. Tukiwa angani mama akanigusa bega. "Mwanangu, dawa zangu ziko wapi? Saa yake imefika." Zilikuwa chini ya miguu yetu, kwenye shehena, na hakuna ambaye angeweza kuzifikia. Naomba sana, mwenye mzazi anayetumia dawa asiziache zitoke mkononi mwake, hata begi likizidi uzito namna gani.

Tulitua. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili mbalimbali, mizigo haikupelekwa moja kwa moja kwenye ndege ya pili. Ilibidi tuisubiri, tuichukue, tukaanze upya kwenye kaunta nyingine. Mabegi yalichukua nusu saa kutokea. Mama akameza dawa yake pale pale, kisha tukakimbia kadiri alivyoweza. Kaunta ilikuwa imefungwa.

"Pole sana, kaka," binti wa kaunta aliniambia. "Tunafunga saa moja kabla ya ndege kuruka."

"Lakini ni ndege ya kwanza iliyotuchelewesha, dada."

"Ingekuwa tiketi moja, mngetafutiwa nafasi nyingine bila malipo. Hizi ni mbili. Kwetu sisi ninyi ni abiria ambao hawakutokea."

Nikampigia dada yangu simu, naye akanyamaza muda mrefu. Mtoto alilala juu ya makoti. Mama alijinyoosha kwenye benchi, kichwa juu ya begi lile lile, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza tu kama nimekula. Nilikaa macho usiku ule wote, koo limenikaba.

Yule binti alipomaliza zamu alitupitia. "Angalia ya kesho asubuhi, siku yenyewe ya sikukuu," akasema. "Wengi wanataka wawe wameshafika. Ile ya kwanza kabisa hulala hapa hapa, haina inachosubiri." Nikaangalia. Viti vilikuwepo, tena kwa nauli ya chini kuliko niliyolipia ile iliyotuacha.

Tuliruka alfajiri, kwa wakati, karibu nusu ya viti vikiwa vitupu. Mama alikaa dirishani, kifuko cha dawa mapajani, akayatazama mawingu kwa muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akanigeukia.

"Mwakani tuje siku hii hii, mwanangu. Ila tiketi iwe moja."