Hata Eda Haijesha

Habari ya kocha Wenger kuiacha Arsenal ilitufikia Kibokoni, Mombasa, siku ya Ijumaa, karibu saa sita mchana, wanaume wakiwa mbioni kwenda msikitini. Ilikuwa 20 Aprili 2018. Kaka yangu alikuwa mbele ya kioo akifunga vifungo vya kanzu, simu yake iko kitandani, na mimi ndiye niliyeisoma kwanza. Nilipomwambia hakuamini. Akaichukua simu, akasoma, akairudisha pale pale, akavaa kofia akatoka bila neno. Ami, ndugu yake baba, alikuwa akimngoja barazani. Niliwachungulia dirishani wakishika njia, na nilijua ni wapi hasa kaka alipomwambia, kwa sababu Ami alisimama katikati ya kichochoro, pikipiki ikampigia honi mara mbili, ndipo akaendelea na safari yake.

Mimi nilizaliwa 1994. Wenger aliishika Arsenal Oktoba 1996. Sikuwahi kuijua timu ile mikononi mwa mtu mwingine, na kwa karibu miaka 22 jina lake lilitajwa nyumbani kwetu kama la jamaa wa mbali ambaye siku moja angepiga hodi. Aliyetuambukiza ni Ami. Alikuwa karani bandarini Kilindini, na hadithi yake kubwa ni ile ya Oktoba 1999, Arsenal iko nyuma mabao mawili kwa Chelsea, mvua inanyesha London, na Kanu peke yake akafunga matatu robo saa ya mwisho. Ami huisimulia akiwa amesimama. Lile la tatu, alilolipiga kutoka pembeni kabisa, karibu na mstari wa nyuma, hulionyesha kwa mguu wake mwenyewe, kandambili inaruka. Ukitaka kujua kwa nini Waafrika wengi waliipenda timu ile, anzia hapo: Kanu, kisha Lauren, kisha Kolo Touré. Wenger aliwaamini watu wetu wakati wengine wakisitasita.

Basi tangu Ijumaa ile, mwezi mzima, kila mtu mtaani akawa na kocha wake isipokuwa Ami. Ukimuuliza nani arithi, hubadilisha mazungumzo. Timu ikatolewa na Atlético Madrid kwenye nusu fainali ya Ligi ya Europa, tukawafunga Burnley mabao 5 kwa bila siku ya kumuaga mzee uwanjani Emirates, yote hayo aliyatazama, akala, akalala. La mrithi hakutaka kulisikia.

Ramadhani ikaingia katikati ya Mei. Siku zile mimi na mama tulikuwa tukikaanga viazi vya karai mlangoni baada ya tarawehe. Jiko la makaa lilikuwa kushoto kwa ngazi, karai juu yake, na mimi kwenye kigoda na beseni ya unga mbele yangu. Viazi huchemshwa alasiri, hukatwa vipande, huachwa vipoe kabisa, maana kiazi chenye moto hakishiki unga. Huo unga ni wa ngano na wa dengu kidogo, bizari, chumvi, ndimu. Ukikichovya kiazi na kukiinua, unga ushuke taratibu na ubaki umekivaa. Ukidondoka kama maji, ongeza. Mama alishika ukwaju na pilipili, na pesa. Baraza ya nyumba yetu ilikuwa hatua mbili kutoka jikoni, kwa hiyo wanaume walikula na kubishana pale pale, na mimi sikupitwa na kitu. Wala sikunyamaza. Walijua kwamba tarehe na mabao wataniuliza mimi.

Usiku ninaoukumbuka ni wa Jumatatu, 21 Mei. Wiki nzima habari zote zilikuwa zikisema kazi ni ya Mikel Arteta, imebaki kutangazwa. Nami nilikuwa na furaha ambayo sikujaribu kuificha, kwa sababu Arteta ndiye niliyemtaka tangu mwanzo.

Kaka alikuwa amekasirika. Yeye alimtaka Vieira.

"Nahodha wa 2004," alisema. "Mechi 38 za ligi, hajafungwa hata moja. Leo mwamwacha kule New York afundishe, mwaenda kumtafuta msaidizi wa Guardiola kule Manchester City? Nyumba ina mwana, mwaita jirani arithi?"

"Arteta naye mwana wa nyumba," nikasema. "Amecheza miaka mitano, amekuwa nahodha, ana Kombe la FA mara mbili."

"Amefundisha timu gani?"

Hapo ndipo waliponishika wote. Mwalimu wa hesabu anayekaa nyumba ya pili, mtu mpole asiyepandisha sauti, akahesabu kwa vidole kama yuko darasani. Allegri wa Juventus: bingwa wa Italia mara nne mfululizo, na kila mwaka katika hiyo minne akachukua na kombe lao, fainali mbili za Ligi ya Mabingwa. Arteta: umri miaka 36, mechi alizoongoza kama kocha mkuu, sufuri. "Mwanangu," akaniambia, "jahazi hili ni kubwa. La kwanza kuliongoza katika maisha yake liwe ndilo hili?"

Hoja ilikuwa nzito, na sikuwa na hesabu ya kuipinga. Nilikuwa na nilichokiona kwa macho. Nikawaambia wakumbuke Arteta akiwa uwanjani, mikono haitulii, huyu amwonyesha pa kusimama, yule amrudisha nyuma, mpira uko mbali naye lakini yeye ndiye anayeupanga. Nikawakumbusha mechi yake ya mwisho, Mei 2016 na Aston Villa. Aliingia mwishoni mwishoni, akapiga shuti, likagonga mwamba, likampiga kipa mgongoni likaingia, na goli likaandikwa la kipa kujifunga. Hata goli la kuagia hakupewa. Kipenga kilipolia alikuwa analia machozi. Mtu wa namna ile, nikasema, anaijua Arsenal kuliko kocha mwenye vikombe kumi asiyeililia. Nilisema kwa nguvu hata nikasahau viazi, mama akanigonga bega na mwiko. Viwili vilikuwa vimeshaungua.

Kijana mmoja wa tuktuk, shabiki wa Manchester United, alikuwa amekaa ngazi ya chini akila. Tulitarajia atucheke. Badala yake akafuta vidole akasema, "Nyinyi mwabishana jina. Sisi jina tulichaguliwa na mzee wetu Ferguson mwenyewe alipoacha ukocha, kwa mkono wake. Moyes akapewa mkataba wa miaka sita. Hakumaliza hata mmoja." Akanyamaza kidogo. "Anayekuja baada ya mzee kama huyo, hata awe malaika, ataonekana mwizi wa kiti."

Hakuna aliyemjibu. Muuza kahawa akapita na dele lake, makaa yakimulika chini, akigonganisha vikombe, na watu wakashukuru kupata la kufanya na mikono yao. Kashata ikazunguka. Halafu kaka akaanza tena na Vieira, mwalimu na Allegri, sauti zikapanda, na mimi nimo ndani yao. Ndipo Ami, ambaye saa nzima alikuwa ameegemea ukuta na tasbihi yake, akasema:

"Mke kafiwa juzi. Hata eda haijesha, mwamtafutia mume. Tena mwapigana mbele ya mlango wake."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayeomba. Nilimtazama nikaona macho yake, nikaelewa kwamba mwezi mzima tulikuwa tukimuumiza. Kila jina tulilolitaja lilikuwa kwake ni kumfukia Wenger mchanga kidogo zaidi. Kaka akasema taratibu, "Lakini Ami, mwenyewe yuko hai, ameondoka kwa salama." Ami akamjibu, "Ameondoka kwa salama mdomoni mwako. Walimfukuza kwa mabango, mwaka mzima uliopita. Na walio hapa walipiga makofi."

Kweli tulipiga. Mimi sikuwahi kushika bango, lakini msimu wa 2017, tulipofungwa na Bayern mabao 10 kwa 2 kwa mechi mbili, nilisema pale pale barazani kwamba mzee amechoka, aende. Ami alikuwepo. Nilitaka kusema kitu sikukiona, nikarudi kuchovya viazi.

Usiku ulikuwa umekwenda sana, wengine wameshaondoka, simu ya kaka ikalia. Akasoma. Akasoma tena, akatutazama.

"Si Arteta."

"Nani?"

"Emery. Unai Emery."

Niliona kama nimeibiwa. Mwalimu akasema ni yule wa Sevilla, Ligi ya Europa mara tatu mfululizo, 2014 mpaka 2016. Kijana wa tuktuk akasema ni yule wa PSG, aliyempiga Barcelona 4 kwa bila nyumbani akaenda kwao kupigwa 6 kwa 1. Yote mawili ni kweli, na kwa dakika kadhaa mtu huyo ambaye hatukuwahi kumfikiria alikuwa si chochote ila hizo namba mbili. Mimi nikasema maneno ambayo sikuyapenda baadaye. Nilisema huyo ni kocha wa kukodi, haijui timu, wamepata mtu wao wakamwacha mlangoni. Niliendelea. Nilikuwa na hasira kama ya mtu aliyechumbiwa mdogo wake.

Aliyenikatiza ni Ami. Huyo huyo aliyetukataza kumtaja mrithi.

"Mwaka 1996 niliwauliza wenzangu kazini, Wenger ni nani? Hakuna aliyejua. Gazeti huko London kwenyewe liliuliza hivyo hivyo, ni nani huyu. Alitoka Japani, Nagoya. Mwaka wa pili, 1998, akachukua ligi na kombe." Akaweka tasbihi mfukoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama wameshamleta, ameshakuwa wetu. Hatumchinji mlangoni."

"Lakini Ami, Arteta..."

"Arteta kama ni wetu atarudi, mwanangu. Kwani amekufa?"

Sikumjibu, nilikuwa bado nimenuna. Nasema haya nikijua yaliyofuata, na yanajulikana na kila mtu: Emery akatangazwa rasmi Jumatano, klabu ikisema watu wanane walihojiwa, akatufikisha fainali ya Ligi ya Europa kule Baku mwaka uliofuata, tukafungwa na Chelsea 4 kwa 1, akaachishwa kazi Novemba 2019, na kabla mwaka haujaisha akaja Arteta. Agosti 2020, siku moja baada ya Idi Kubwa, tukawafunga hao hao Chelsea fainali ya Kombe la FA. Watu wa baraza waliniletea pongezi kama mimi ndiye niliyesajili. Lakini sikuona kwamba nilishinda ubishi. Arteta wa Desemba 2019 alikuwa ameongeza mwaka mmoja na nusu kwa Guardiola, na alikuta watu wameshamlilia Wenger wakamaliza. Huyo wa Mei 2018, sijui kiti kile kingemfanya nini. Kijana wa tuktuk alikuwa ameona kitu.

Ninalolijutia ni Emery. Alikuja siku ya kwanza akakataa mkalimani, akajieleza kwa Kiingereza chake alichokuwa anajifunza, na miezi ya mwisho mashabiki dunia nzima wakawa wanamwigiza anavyoamkua. Hata barazani kwetu vijana walimwigiza. Ami aliwakemea, akawauliza wao wamewahi kwenda kwa watu wakasema kwa lugha ya watu. Mimi nilikuwepo na sikuwakemea, nami ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwita wa kukodi.

Usiku ule tulifunga mapema kidogo. Mama aliyamwaga makaa, mimi nikayachuja mafuta ya karai. Kaka aliingia ndani. Ami alibaki peke yake barazani, na ngoma ya daku ilikuwa haijaanza kupita. Nikamfungia viazi vinne kwenye karatasi, na ukwaju kando, nikampelekea.

"Hilo jina," akaniuliza, "laandikwaje?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu na taa ya mlangoni.

"U-na-i," akasema. Akatikisa kichwa, akarudia polepole. "Unai Emeri."

Akanirudishia simu, akachukua viazi vyake, akaenda kwake akilitamka.