Siku moja maishani mwangu: fundi stima kiwanda cha barafu, Mombasa

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nimeshavuka feri, niko kiwandani, na kitu cha kwanza naangalia ni mita, barafu baadaye. Bei ya usiku inaisha saa kumi na mbili kamili. Tangu Desemba 2017 sisi wa viwandani tukipitisha kiwango tulichowekewa, ile ya ziada tunayotumia kuanzia saa nne usiku tunauziwa nusu bei, kwa sababu mvuke wa ardhini wa Olkaria unaozalisha stima hauna habari kama watu wamelala, usipotumika unaachiliwa hewani bure, basi serikali ikaona heri uuzwe. Ndio maana kompresa zetu, mashine za kugandisha barafu, hukesha.

Saa moja wavuvi na wachuuzi wamejaa getini na mikokoteni. "Fundi, leo barafu ama maji baridi?" Mzee huyo maneno yake ni hayo hayo kila siku.

Saa tatu chai, mahamri na mbaazi.

Saa tano na kitu fezi moja ikapotea, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayotuletea stima. Taa za ofisi zikafifia, kompresa ikaanza kunguruma vibaya, nikakimbia kuzima kila kitu kwanza, maana mota ya fezi tatu ukiiacha izunguke na mbili inaungua hivi hivi unaiona. Halafu nikageuza chenjiova, swichi ya kututoa kwenye stima ya laini, nikawasha jenereta. Bosi simu hiyo: "Bado tu inanguruma? Dizeli hiyo!" Na dizeli yenyewe inashushwa hapo bandarini Kipevu, karibu kabisa na sisi, lakini bei twangoja EPRA, wale wasimamizi wa kawi, watangaze tarehe 14 kila mwezi. Ule mpango wa 2023 wa serikali na kampuni za Ghuba, mafuta kwa mkopo wa siku 180, ulikuwa wa kupunguza presha ya kutafuta dola kila mwezi. Sawa, lakini jenereta haijui mkopo.

Saa nane stima ikarudi.

Saa kumi hivi kijana wa shifti yangu akaanza, ati kwa nini wasizime mitambo ya kuzalisha stima kwa mafuta ya Kipevu na Rabai, si inatuongezea bili tu? Nikamwambia mdogo wangu, bili ni kweli, hela ya mafuta iko ndani ya kila token, lakini sisi Pwani tuko mwisho wa laini. Umeme wa Olkaria, na ule wa Ethiopia megawati 200 tangu 2022, unatembea karibu kilomita 500 kutoka Nairobi, ukifika huku volteji imechoka, na jioni mji mzima umewasha AC na mafeni, mitambo hiyo hiyo tunayoitukana ndio inatushikilia. Na Januari 2022 karibu nchi nzima iliingia giza, si kwamba mitambo haikutosha, nguzo za laini ya Kiambere hadi Embakasi ndizo zilianguka. Kwa hivyo mimi mkubwa akitangaza megawati mpya nauliza, na waya je? Akanyamaza, sijui alikubali ama alichoka.

Saa kumi na mbili jioni nikamkabidhi wa usiku. Kompresa ya pili asiwashe kabla ya saa nne, hata bosi akipiga simu, sababu saa hizo za jioni ndio nchi nzima inavuta stima. Na barafu ya makopo ya mstari wa tatu iliyeyuka katikati, asiuze.